Daftari la Afya la Bernadeta Kulik

Kila Alhamisi ya kwanza ya Januari na ya Julai, Daktari Szulc alikaa kwenye kantini ya ukumbi wetu wa michezo pale mjini kwetu Olszany, akanywa kahawa, akala keki ya jibini na kugonga mihuri. Kila mchezaji wa badminton wa klabu ana daftari lake la afya, na kila miezi sita daktari anatakiwa ampime, ndipo agonge. Daktari Szulc hakupima mtu. Aliyempelekea madaftari ni Wioletta Gacek, maana ndiye aliyekuwa mkubwa katika timu na hakuwa mbishi. Madaftari ishirini yalikwisha kabla ya keki.

Wiola, kama tulivyomwita Wioletta, alicheza wawili wawili na Bernadeta Kulik, yaani Benia, tangu wakiwa na miaka kumi na mmoja. Mwalimu aliwaunganisha kwa kuwa mmoja alitumia mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, na pia kwa kuwa walikaa jengo moja, angeweza kuwarudisha kwao kwa safari moja. Benia alikaa nyuma akipiga, Wiola alikaa karibu na wavu akimalizia. Wakawa wa tatu nchini, kisha wa pili, kisha wa pili tena. Mashindano ya nje walikwenda kwa gari la klabu na mayai yao ya kuchemsha, wakatolewa mzunguko wa kwanza, wakarudi. Walipenda maisha hayo kupita kiasi.

Desemba moja Benia alisema moyo wake unayumba kama kinyoya cha badminton kilichovunjika unyoya mmoja. Wiola akamwambia amwone daktari. Benia akajibu kwamba daktari yupo kantini. Januari Wiola alipeleka madaftari kama kawaida, la Benia likiwa katikati. Februari, katika robo fainali, Benia aliinua raketi kupokea kinyoya na hakukipokea. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Makaburini, mwenyekiti wa klabu, Bwana Pokora, alisema karatasi zote za marehemu zilikuwa sawa, na kweli zilikuwa sawa.

Mkesha wa Krismasi sisi huweka mezani sahani moja ya ziada, ya mgeni asiyetarajiwa. Hakuna anayekuja, na sahani hurudishwa kabatini kama ilivyotoka. Mwaka ule, nyota ya kwanza ilipoonekana, saa ya kuanza kula, kengele ya mlango ililia na Mama Gacek, mamake Wiola, akamfungulia Benia. Alikuwa na jezi yake na raketi mkononi. Mama Gacek akamwambia avue viatu asiingize theluji, akamkalisha penye sahani.

"Umekonda, mwanangu. Huko hawapiki?"

"Wanapika, mama. Chumvi ndiyo hawatii."

Alikula samaki vipande viwili, kisha akauliza mazoezi yanaanza lini. Wiola akamwambia tarehe ishirini na saba, akaenda jikoni kulia kidogo, akarudi na kachumbari ya kabichi.

Bwana Pokora alipomwona Benia ukumbini alichosema ni kwamba daftari lake limepitwa na muda. Januari likagongwa. Timu moja ilikata rufaa, lakini mwamuzi alisoma kanuni zote akakuta zinataka wachezaji wawili kila upande, kila mmoja na raketi yake, basi. Wapinzani walichobaki kulalamikia ni ubaridi wa mkono wake wakati wa kupeana mikono. Mwezi Mei Wiola na Benia wakawa mabingwa wa nchi kwa mara ya kwanza. Gazeti la wilaya lilisifu mazoezi ya Kulik, likaandika kwamba hakuonekana kuhema hata mara moja.

Julai ilipokaribia, Benia alimshika Wiola mkono ndani ya gari la klabu.

"Unadhani nilifuata samaki, Wiola? Safari hii mwambie anisikilize moyo."

"Akisikiliza atajua. Wakijua watakufuta."

"Wanifute. Kornelia atapimwa."

Kornelia, mchezaji mdogo wa klabu, alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu majira ya kuchipua alikuwa akiketi sakafuni katikati ya mazoezi, mkono kifuani, akisema ni joto.

"Na mimi nicheze na nani?"

"Na Kornelia, punguani wee."

Wiola hakulala vizuri wiki ile. Alikwisha kumzika mwenzake mara moja na hakutaka kumzika tena, hasa sasa wakiwa mabingwa. Lakini Alhamisi alimpeleka Benia kantini pamoja na madaftari, akasogeza pembeni sahani ya keki.

"Bwana Daktari, huyu msikilize kwanza. Tafadhali."

Hakuwahi kumwomba kitu, na daktari alichelewa kuelewa. Ilibidi mpishi wa kantini asaidie kutafuta kipimo cha kusikilizia moyo, kilikuwa chini kabisa ya mkoba. Daktari Szulc akakiweka kifuani kwa Benia. Akasikiliza. Akakihamisha kushoto, akasikiliza tena, akahamia mgongoni. Alichukua muda mrefu, tena kwa makini, na Bwana Pokora, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia. Wiola alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Kisha daktari akafungua daftari, akaandika: Moyo hauna sauti yoyote isiyo ya kawaida. Anaruhusiwa kucheza. Akagonga muhuri.

"Na hawa wengine?" Wiola akauliza.

"Kama huyo yuko hivyo, hao wana nini?" alisema daktari, akavuta keki yake. La Kornelia lilikuwa la tisa kugongwa.

Benia alifunga vifungo vya jezi. Walikwenda uwanjani wakaanza mazoezi, kwa sababu Septemba walikuwa na mashindano.

Mkesha wa Krismasi uliofuata Wiola aliandaa meza mwenyewe. Benia sasa alikuwa mtu wa nyumbani, ana sahani yake na kiti chake karibu na jiko. Kwa hiyo Wiola alitoa sahani nyingine ya ziada, akaiweka upande wa mlango. Halafu akakaa akiitazama, akimfikiria Kornelia, akimwomba Mungu kengele isilie.