Malkia Aliyekosa Msiba

Chesang alipomaliza kusema maneno ya malkia, hakuna aliyepiga makofi. Ukumbi wa chuo ulinyamaza hata mlio wa bodaboda huko barabarani ukasikika kana kwamba umeingia ndani. Hakupaza sauti wala hakujipiga kifua. Alisimama tu, mikono ikining'inia, akaambiwa kuwa mwanawe amekufa mtoni, akalia kwa pumzi moja, na wote waliokuwemo wakainamisha vichwa.

Umaima naye aliinamisha kichwa, ila kwa sababu nyingine. Wivu ulikuwa umemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Yeye alikuwa mwigizaji tangu shule ya msingi. Alikuwa na sauti, alikuwa na kimo, na alikuwa na Kiswahili ambacho babu yake alikuja nacho Nakuru kutoka pwani na kukihifadhi nyumbani kama chombo cha shaba. Tangu ajiunge na kundi la maigizo, hakuna aliyethubutu kugombea naye nafasi ya kwanza. Sasa huyu Chesang, msichana wa Olenguruone aliyeingia kundini juzi, aliyesema "hiyo kitabu" na "watu yangu" pasipo haya yoyote, alikuwa amesimama mahali pake na kumfanya aonekane kama mtoto aliyejifunga leso ya mamake.

Tamthilia waliyokuwa wakiifanyia majaribio ilikuwa ya Mwalimu Kihara mwenyewe, msimamizi wa kundi. Ilimhusu malkia aliyeuziba mto ili majirani wakose maji, akapuuza kila onyo, mpaka siku mto ulipobomoa ukingo na kumchukua mwanawe wa pekee.

"Shujaa wa tanzia si mtu mwovu," Mwalimu Kihara aliwaambia, akitembea huku na huku jukwaani. "Mwovu akianguka, tunashangilia. Shujaa huangushwa na kosa alilolitenda kwa mikono yake, akiwa na hakika kwamba yuko sawa. Kisha yanakuja mateso, na mateso ndiyo patasi. Kabla ya patasi huyo ni gogo tu."

"Na mwigizaji ambaye hajawahi kuteseka, mwalimu?" Umaima akauliza.

"Ataigiza vizuri. Wewe unaigiza vizuri sana, Umaima. Chesang haigizi."

Kipngeno, aliyekuwa mjumbe katika mchezo huo, hakuweza kujizuia. "Umaima, malkia wetu wa mtaa wa Bondeni, analia kama mtu amebanwa kidole na mlango!"

Wakacheka. Umaima naye akacheka, kwa kuwa asingecheka, wivu wake ungejulikana.

Kila mtu alijua habari za Chesang. Katika mvua zilizopita mlima uliporomoka ukaibeba nyumba yao, na babake alikuwa ndani. Mwenyewe hakupata kuyazungumza hayo. Ukimya huo ndio uliomchoma Umaima kuliko yote: kwamba mtu ana hazina kama hiyo na wala haijali. Wiki nzima aliyatazama maisha yake kwa dharau. Babake alikuwa hai, akiuza vitambaa dukani. Mamake aliimba akipika. Kakake Jalal aliendesha lori la mboga hadi Nairobi, akirudi anamletea samaki wa Naivasha na mizaha isiyokwisha. Alijua kwamba ni kufuru kuichukia neema, lakini aliichukia.

Ijumaa, siku ya kuchagua malkia, Mwalimu Kihara aliwaketisha duara, kila mmoja aseme jambo lililowahi kumuumiza. Zamu ya Umaima ilipofika, alifungua kinywa akikusudia kumtaja nyanya yake aliyefariki zamani. Ndipo akamwona Chesang amekaa kimya, anatazama kucha zake, mtu asiyehitaji hadithi yoyote.

"Kakangu Jalal amefariki," Umaima akajisikia akisema. "Lori lilipinduka Jumapili."

"Wee! Na hukutuambia?" Kipngeno akashtuka.

"Sisi Waislamu huzika siku ileile. Tumeshamzika. Mama hataki kuona watu."

Alidhani amefunga kila mwanya. Hapakuwa na maiti ya kwenda kutazamwa, wala mazishi ya kuhudhuriwa. Machozi yakamjia kwa urahisi uliomshangaza, hofu nayo ikayasaidia. Alipoyasema maneno ya malkia machozi yangali usoni, hata Kipngeno alifuta macho. Mwalimu Kihara akampa nafasi palepale.

Chesang alimfuata akamkumbatia. "Ichukue, dada. Ilikuwa yako. Pole sana." Hata kushindwa alijua kushindwa vizuri. Umaima akamwonea wivu kwa hilo pia.

Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba Chesang alilelewa na watu ambao hawamwachi aliyefiwa kwa sababu tu maziko yamepita. Kwao, mtu akisema hataki wageni, huo ndio wakati wa kwenda.

Jumamosi alasiri Umaima alikuwa uani akianua nguo aliposikia hodi za watu wengi. Alipofika mlango wa jikoni, walikuwa wameshaingia sebuleni: Mwalimu Kihara kofia mkononi, Kipngeno na mfuko wa sukari na majani chai, wasichana wa kundi wamejifunika leso vichwani. Chesang alibeba kibuyu cha mursik, maziwa ya kwao ya mgando, aliyoagiza kutoka nyumbani.

Mamake Umaima, Bi Ruqaiya, alikuwa akikanda unga wa mahamri. Alitoka amejaa unga hadi viwikoni, akitabasamu. "Karibuni, wanangu, karibuni! Kumbe leo nina wageni na Umaima hata hakunong'ona!"

Chesang aliishika mikono yake ilivyo, na unga wake. "Pole, mama. Mungu akutie nguvu. Tumekuja kulia na wewe kwa sababu ya Jalal."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Bi Ruqaiya kwa muda, kama kitu kilichosahauliwa pale. Jalal alikuwa ameondoka alfajiri na kabichi, na hakuwa amepiga simu. Mama akaitazama sukari. Akazitazama leso. Akaitazama kofia mkononi mwa mwalimu. Hakuhitaji kuelezwa maana ya watu wanaoingia hivyo.

"Alikuwa amekula?" akauliza.

Hakuna aliyemwelewa.

"Aliondoka hata chai hajanywa. Nilimwambia angoje mahamri. Alikuwa amekula?"

Kisha akaketi sakafuni palepale.

"Mama!" Umaima alijitupa mbele. "Jalal yuko hai! Hajafa! Nilisema uongo!"

"Umaima, usimpe matumaini," Mwalimu Kihara akasema kwa upole. "Utamuumiza zaidi."

"Nilitunga, mwalimu! Wallahi nilitunga!"

Wasichana wakamshika mabega kwa huruma, wakamketisha. Pole, dada. Pole. Ijumaa alikuwa amelia vizuri kupita kiasi. Sasa ukweli wake haukupata wa kuuamini.

Chesang peke yake ndiye aliyeinua kichwa. Alikuwa chini sakafuni, amempakata Bi Ruqaiya, nguo zake zimejaa unga. Alimtazama Umaima.

"Mpigie," akasema. "Saa hii."

Simu iliita hadi ikakatika. Ikaita tena. Mama alikuwa amemng'ang'ania Chesang shingoni kama aliyemzaa, na hata katika hofu ile Umaima aliusikia mwiba ukijigeuza kooni. Yule ni mama yake, na aliyekumbatiwa si yeye.

"Niaje, siz?" sauti ya Jalal ikajaa chumba kizima. "Ongea haraka, ugali inapoa."

Bi Ruqaiya aliipokea simu kwa mikono miwili. "Umekula?"

"Si ndio nakula, mama, hapa Longonot. Ugali na matumbo. Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Kula, mwanangu."

Akairudisha simu. Hapo ndipo alipolia, na majirani wakaja.

Wageni waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Kipngeno aliuacha mfuko wa sukari mezani. Chesang alitoka wa mwisho, kwa sababu mama hakuwa amemwachilia. Umaima akamfuata hadi langoni.

"Ulikuwa unataka nini?" Chesang akauliza.

"Nafasi ya malkia."

"Hiyo singekunyima. Ulitaka nini?"

"Nilitaka kile ulicho nacho."

Chesang alijipangusa unga kwenye mkono wa sweta. "Ungeniambia. Ningekupa yote, ubaki nayo, na mimi nirudi nyumbani nimkute baba akikama ng'ombe."

Nyumbani hapakuwa na matusi wala kofi. Siku zilizofuata Bi Ruqaiya alimpigia Jalal kila safari, akacheka naye simuni, lakini na Umaima alisema yale ya lazima tu: shika hiki, funga mlango.

Umaima alikwenda ukumbini kuomba radhi mbele ya wote, akitazamia kufukuzwa. Mwalimu Kihara alingoja mpaka wengine wametoka.

"Ulilofanya ni baya," akasema. "Lakini umeona, sivyo? Kosa, kisha mateso, kisha macho kufumbuka. Huwezi kulisoma hilo kitabuni. Panda jukwaani unionyeshe malkia."

Alijua namna ya kumwonyesha. Alijua tabasamu linavyochelewa kuondoka. Alijua kwamba malkia hapaswi kulia hata kidogo. Anapaswa kumgeukia mjumbe na kumwuliza kama mwanawe alikuwa amekula. Maneno hayo hayakuwemo kwenye tamthilia, na angeyasema, hakuna mtu Nakuru hii ambaye angeyastahimili. Yalikuwa tayari ulimini.

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi au hutaki?"

"Si yangu. Ni ya mama."

Mwalimu hakuelewa, na Umaima hakumfafanulia.

Nafasi ikarudi kwa Chesang. Umaima akapewa kusimama miongoni mwa wanawake wa kijiji, mtungi kichwani, bila neno la kusema. Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Chesang akaambiwa kuwa mwanawe amekufa, akalia kwa pumzi moja, na vilio vikamjibu kutoka kwenye viti. Bi Ruqaiya, ambaye Chesang mwenyewe alikuwa amemwalika, alijifuta macho kwa pindo la buibui.

Umaima alimwona mamake akimlilia mtoto wa mwingine, na wivu ukampanda, uleule, haujapungua. Alijua swali la mamake, ambalo malkia yule hakulijua. Kama lingemtoka kinywani, macho yote yangegeuka, na ya mamake yangetangulia. Akaifunga midomo, akaushika mtungi kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka pazia likafungwa.