Nyumba Iliyohama Kata

Dilsari Pun alizaliwa na kuzeeka katika bonde moja, lakini serikali ilikuwa imemhamisha mara tatu bila yeye kukunja hata mkeka. Mara ya kwanza kijiji chake kiligawanywa. Mara ya pili kikaunganishwa na vijiji vingine vinne, vyote vikaitwa halmashauri. Mara ya tatu akaambiwa kwamba yuko katika jimbo, na jimbo lenyewe kwa miaka kadhaa halikuwa na jina, lilikuwa na namba tu, kama basi. Habari zote hizo alizipokea akiwa anapalilia ulezi, na aliendelea kupalilia.

Siku alipohama kwelikweli, hakuna aliyemwandikia barua.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi hiyo alikuwa zizini akimkamua nyati wake wa kufugwa, akasikia mkwaruzo kama wa gunia zito linaloburutwa. Alitoka na ndoo yake mkononi. Nyumba yake, ile ya mbao na mabati waliyoijenga baada ya tetemeko, ilikuwa inateremka mlimani taratibu, imesimama wima, kama bibi harusi asiye na haraka ya kufika. Jogoo alikuwa juu ya paa. Ilikwenda hatua arobaini, ikavuka njia ya mawe, ikatulia katikati ya shamba la koliflawa.

Mumewe, Lalsing, alijitokeza mlangoni amejifunga blanketi.

"Mama Kamal! Nani kaondoa choo?"

"Choo kipo palepale," Dilsari akamjibu kutoka juu. "Wewe ndiye uliyeondoka."

Kabla ya adhuhuri kitongoji kizima kilikuwa kimekuja kutazama. Narjit Gharti, mwenyekiti wa Kata ya Sita, alifika na mwavuli wake mkubwa, akakutanisha viganja kusalimu, akatoa pole. Kisha akashuka akihesabu hatua kwa sauti, na kila hatua ilimwongezea tabasamu.

"Shemeji, tushukuru hakuna aliyeumia. Lakini umevuka njia."

"Nimevuka mimi? Mimi nilikuwa nakamua."

"Nyumba imevuka. Juu ya njia ni Kata ya Sita, chini yake ni ya Saba. Mjumbe wa kamati lazima awe mkazi wa kata. Sheria sikuitunga mimi."

Dilsari alielewa mara moja. Kesho yake kamati ya watu watano, yeye akiwa mmoja wao, ilikuwa ipige kura: zahanati mpya ijengwe wapi? Narjit na shemeji yake mwingine, yule wa kweli, kaka wa mkewe, waliitaka barabarani, hatua chache kutoka duka la Narjit. Dilsari, Phulmati mshonaji na mzee Bakhat waliitaka Simpani, juu kabisa, ambako mwanamke akishikwa na uchungu hubebwa kwenye kikapu mgongoni mwa mtu, nusu siku, mpaka barabarani. Mwaka uliopita binti ya Phulmati alijifungulia njiani, chini ya miavuli iliyoshikwa na wanaume waliogeuza nyuso. Mtoto aliishi. Mwaka wa nyuma yake, mtoto wa mwanamke mwingine hakuishi. Dilsari akiondolewa, kura zingekuwa mbili kwa mbili, na zikilingana mwenyekiti ndiye anayeamua.

Mtendaji wa kata, Anuja Regmi, alikuwa msichana wa tambarare, mwezi wa nne kazini, na muhuri wa ofisi aliutunza mkobani ndani ya soksi usilowe.

"Tuiulize wilaya," alisema. "Wilaya italiuliza jimbo, na jimbo—"

"Jibu litakuja lini?" akauliza Dilsari.

"Baada ya mvua," Anuja akasema, kisha akawa mkweli zaidi. "Za mwakani."

"Basi tufanye ushuhuda wa majirani," akasema Narjit. "Kesho saa nne, hapahapa. Majirani waseme Dilsari anaishi wapi, waweke dole gumba, tumalize."

Mchana kutwa Dilsari alikaa akitazama zizi. Zizi halikusogea hata unywele. Nyati alikuwa akicheua humo kama kawaida. Jioni alishuka nyumbani, akabeba jiko la chuma la miguu mitatu kichwani na sufuria mkononi.

"Unapeleka wapi jiko langu?" akauliza Lalsing.

"Kata ya Sita."

"Na mimi nitakula wapi?"

"Unajua njia. Uliipita leo asubuhi, tena umelala."

Saa nne Anuja alifika na daftari, akiwa na majirani kumi na wawili. Walimkuta Dilsari zizini, moto unawaka, anasonga ugali wa ulezi. Phulmati, ambaye kwa tabaka lake la chini la washonaji mama mkwe wa Dilsari asingethubutu kumruhusu kulikaribia jiko, alikuwa amekaa karibu na moto kuliko wote, akikoroga mchuzi.

"Hii ni michezo," akasema Narjit. "Analala kule."

"Kulala mtu hulala popote," akasema mzee Bakhat. "Wewe mwenyewe hulala mkutanoni. Kaya ni moto wake."

"Nani kasema?"

"Wewe!" Mzee alifurahi mpaka akakohoa. "Ulipotaka kujitenga na kaka zako, mlikuwa nyumba moja, paa moja, mlango mmoja. Ukaweka mafiga matatu barazani, ukachemsha chai, ukatuita. Ulisema, 'Anayepika peke yake ana kaya yake.' Tukaweka dole gumba. Chai yenyewe haikuwa na sukari."

"Ilikuwa nayo!" Narjit akafoka.

Hapo Narjit akatambua alichokikubali. Kisha wakaangua kicheko wote kumi na wawili, na nyati akageuza kichwa.

Anuja alikuwa ameshaandika. Madole gumba yakapita kwenye wino moja baada ya jingine: *Dilsari Pun, kaya yake hupika Kata ya Sita.* Akautoa muhuri kwenye soksi.

Kura ikapigwa palepale, sahani zikiwa mapajani. Tatu kwa mbili. Simpani.

Narjit alitia sahihi polepole, kisha akakubali ugali. "Shemeji, mvua bado miezi miwili," alisema, na safari hii hakuwa na hila. "Utapika zizini miezi yote hiyo? Moshi huu, mgongo huo?"

"Nitapika."

"Basi nitakuletea turubai."

"Lete na kuni," akasema Lalsing, aliyefika kwa kunusa harufu.

Phulmati hakumaliza kula. Alifungua mwavuli wake na kuanza kupanda kuelekea Simpani, kwa binti yake, karibu anakimbia. Dilsari alitoka zizini na mwiko mkononi akamtazama mpaka ukungu ulipoanza kummeza.

"Phulmati!" akapaza sauti. "Waambie wachague mahali pasipoteleza!"