Tawi Alilolisahau Kinyozi

Mimi ndiye niliyeolewa. Cheka ukitaka, nimeshazoea. Huku milimani Yamagata, Japani, nyumba yenye mabinti watupu humtafuta mwanamume aje aishi kwao na kuchukua jina la ukoo wao, na Mitsuyo akanipata mimi, Eikichi, kinyozi wa mjini. Nilikuja na sanduku moja la nguo na mkoba wa mikasi. Nikanyoa kitongoji kizima, nyumba zote saba, isipokuwa kichwa kimoja. Mama mkwe wangu, Bi. Toyo, alijikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, mbele ya kioo chenye ufa, na matokeo yake sitayaeleza.

"Niachie mimi, Mama," nilimwambia mwaka wa kwanza.

"Mkasi wako siujui," akajibu. "Na wewe mwenyewe sijakujua bado."

Miaka mitatu akaniita Kinyozi, jina langu hata kwa bahati mbaya halikumtoka.

Mbele ya nyumba yetu kuna kichaka cha weigela, kirefu kuliko mimi, ambacho kila mwisho wa Mei hujaa maua ya rangi ya waridi. Siku ua la kwanza linapofunguka, Mama hutoka barabarani na kupaza sauti, "Limechanua!" Siku hiyo hiyo nyumba zote saba huanza kupanda mpunga. Watu wanasikiliza utabiri wa redio, tena kwa makini, halafu wanangoja kichaka. Sasa vuli iliyopita magoti ya Mama yaligoma. Tukiwa mezani, akiwa anatafuna figili ya achari bila kunitazama, akasema, "Mwakani utaita wewe."

Nilipaliwa na supu. Harusi yangu yenyewe haikunifurahisha hivyo.

Mwezi wa Novemba Mama alilazwa wiki moja kwa ajili ya hayo magoti, nami nikabaki na kazi ya kukiandaa kichaka kwa theluji. Desturi ni kuyakusanya matawi, kuyasimamishia mianzi na kuyafunga kamba ili yasivunjike. Matawi yalikuwa marefu, yamezagaa kila upande kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nikajiambia, kwa nini nihangaike kusuka wakati ninajua kunyoa? Nikakata. Nikazungushia pande zote, nikarudi nyuma kutazama, nikakata tena kidogo. Kikawa duara safi, nikakifunika chote dhidi ya theluji kwa jamvi moja tu la majani makavu. Mama aliporudi alisimama akalitazama lile jamvi kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani. Nikadhani amependezwa.

Aprili, theluji ilipoyeyuka, Mitsuyo akafungua jamvi. Akapiga ukelele.

"Eikichi! Umefanya nini?"

"Nimekitengeneza."

"Weigela inachanua kwenye matawi ya mwaka jana! Inakatwa maua yakishaisha tu, basi. Wewe umeyanyoa maua yote!" Akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye tope. "Kamwambie Mama."

Sikumwambia. Niliogopa, huo ndio ukweli. Mwezi mzima nilikizunguka kile kichaka kila asubuhi na kukuta majani, mazuri, mengi, majani matupu. Mzee Kanjiro wa nyumba ya mbele naye alikuwa akipiga kelele kutoka uani kwake: "Kinyozi! Bado?"

"Bado, Mzee!"

"Usije ukalala!"

Ndipo nikapata wazo la kijinga. Bondeni kule chini kuna joto, na weigela za porini huchanua wiki nzima kabla ya zetu. Nikaaga kwamba naenda kununua waya, nikarudi na fungu la matawi yenye maua chini ya turubai la kigari. Mpango wangu ulikuwa kuyafungia kichakani kwa uzi alfajiri. Kwa sasa nikayaweka kwenye ndoo ya maji bafuni. Nilijua vizuri kwamba ua hili haliingizwi ndani, maana watu wa huku wanaamini likiingia nyumba itaungua. Lakini nilijiambia bafu si nyumba hasa, na kama kuna chumba kisichoweza kuungua ni hicho.

"Moto!" Sauti ya Mama ikatikisa paa. "Nani kaleta moto nyumbani kwangu?"

Nilipofika mbio alikuwa amekwisha kuyamwagia maua beseni zima la maji. Beseni la pili akanimwagia mimi.

Nikapiga magoti pale pale kwenye maji, nikaeleza kila kitu: mkasi, duara, bonde, uzi. Nilikuwa naona haya mpaka masikio yanawaka.

"Na Kanjiro akiona maua ya uzi?" Mama akauliza polepole. "Atatoa miche yake kesho. Udongo bado baridi. Itakufa yote, na ya majirani zake."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria aibu yangu tu. Nikashindwa hata kuinua uso.

"Mama, nisiite. Tafuta mtu mwingine."

"Miezi sita nangoja uniambie," akasema. "Ulidhani magoti yakiuma na macho yanapofuka? Inuka. Nipe mkono."

Akaniongoza, nikidondosha maji, mpaka nyuma ya kichaka. Tawi moja theluji ya mwaka wa nyuma ilikuwa imelilaza chini kabisa ya ukuta wa mawe, mkasi wangu haukulifikia. Lilikuwa na vitumba saba vya maua, vimefumba, vimeanza kuwa vyekundu kwenye ncha.

"Umebakiza," Mama akasema. "Kinyozi gani wewe?" Akacheka, mara ya kwanza mbele yangu, na mimi nikalia kidogo, lakini nilikuwa nimelowa, hakuna aliyejua.

Siku ya sita ua la kwanza likafunguka. Nilitoka barabarani, nikapaza sauti mpaka ikakwaruza. Mzee Kanjiro akajibu, "Wapi? Sioni hata moja!"

"Njoo uiname!" Mama akamfokea kutoka barazani. "Limechanua!"

Mpunga ukapandwa, maua saba yakaisha, na asubuhi moja ya Juni Mama akaniletea mkasi wa bustani. Akanionyesha matawi makongwe ya kuondoa tangu shinani na machanga ya kuacha, nami nikakata alipoelekeza. Nilipomaliza, nilimkuta amekaa kwenye kigoda barazani, taulo begani, mkoba wangu wa mikasi miguuni pake.

"Punguza tu, Eikichi," akasema. "Usininyoe duara."

Nilimfunga taulo shingoni, nikazichana nywele zake, ndipo nikaanza.