Mkebe wa Mursik

Onyiego alifika na kamba begani, na Bitutu akajua mara moja kwamba mambo yalikuwa yameshaamuliwa huko kwake Kedowa.

Alikuwa amekuja kuchukua mashine ya kuchomelea. Ilikuwa mali ya kaka yake, Mogaka, baba yake Bitutu, aliyeinunua alipostaafu kutoka kiwanda cha majani chai na kuiweka nyuma ya jiko, chini ya mabati mawili. Kwa miaka mingi watu wa pande za Kapkatet walimletea malango, majembe na wilbaro. Kisha ukungu ukaingia machoni mwake ukakataa kutoka, na kazi ikahamia mikononi mwa Bitutu bila mtu kutangaza lolote. Alikuwa amemshikia baba vyuma tangu alipoacha shule darasa la sita. Alikuwa na haya kupita kiasi, kiasi kwamba mgeni akiingia uani, aliteremsha kofia ya kuchomelea usoni hata kama hakuna cha kuchoma.

"Hii mashine imelala bure, kaka," Onyiego alisema, akivuta kiti kabla ya kukaribishwa. "Gibson wangu ana kibanda kando ya barabara. Wewe huoni. Na huyu ataolewa, ama ataenda nayo kwa bwana?"

"Haijalala. Bitutu anafanya kazi."

"Kazi gani? Kubandika bawaba za choo?"

Bitutu, ambaye kweli alikuwa ameinamia bawaba ya choo, alitamani ardhi immeze.

Kabla baba hajajibu, jirani yao Rodah, ambaye kila mtu alimwita Mama Kiptanui, aliingia kutoka shamba la chai la ng'ambo akiburuta mkebe mkubwa wa maziwa.

"Chamgei, watu wa hapa! Niokoeni. Hii kitu imeanguka kwa pikipiki, na wiki ijayo tuko na shukrani kanisani. Nisipolaza maziwa leo ili igande, watu watakunywa mursik gani?"

Mkebe ulikuwa wa stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, nje unang'aa kama kijiko kipya. Karibu na kitako palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Mogaka aliupapasa polepole, kisha akamgeukia ndugu yake.

"Gibson wako anachomelea stenlesi?"

"Hiyo ni kazi ya mafundi wa mjini wenye mitambo."

"Basi Bitutu ataziba. Mkebe ukishika maziwa, mashine haitoki hapa. Ukivuja, ifunge mashine kwa kamba yako uende nayo. Sitasema neno."

Onyiego alicheka mpaka kiti kikalia. "Mama Kiptanui, wewe ni shahidi!"

Hakuna aliyemwuliza Bitutu. Aliingia jikoni akatoa rodi za kuchomelea stenlesi, nyembamba, ambazo baba alizitunza juu ya meko ili unyevu usizipate. Akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usizidi kukimbia. Akapunguza moto wa mashine, kwa sababu stenlesi nyembamba ukiipa moto wa lango inatoboka kama karatasi. Akashusha kofia, akagusa ufa kwa ncha ya rodi.

Chuma kilichemka kama uji. Ganda la rodi lililofunika mshono lilipotoka, mshono ulikuwa umejaa vishimo.

Aliukwangua, akarudia. Vishimo tena. Safari hii hata ufa mwingine mwembamba kama unywele ulijichora katikati ya mshono.

"Pole, mtoto wangu," Onyiego alisema kwa sauti tamu, akianza kukunjua kamba.

Bitutu alikuwa bado ameinama juu ya mkebe wa moto, akitafuta la kufanya, pua ilipomwambia jambo. Kutoka ndani ya mkebe ulipanda moshi mtamu, mchungu kidogo. Aliijua harufu ile. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa Mama Kiptanui.

Akainua kofia. "Mama," alisema, na sauti ikawa ndogo mno. Akajaribu tena. "Mama Kiptanui, huu mkebe uliupaka mkaa?"

"Sasa nisipake? Mursik bila mkaa si ni maziwa imeharibika tu! Sotet zangu zilipasuka, vibuyu vya mama yangu, vyote. Nikachoma kijiti ya mti wa senetwet, nikasugua hii ndani vile tunasugua kibuyu. Kila wiki. Kwani ni makosa?"

"Kwa mursik ni tamu. Kwa rodi ni sumu. Mkaa umeingia ndani ya ufa. Moto ukifika, unatoka na mapovu, na stenlesi ikila mkaa inapasuka."

Mogaka alijipiga paja. "Na mimi nilikuwa nalaumu rodi!"

Bitutu alikuwa ameshasimama. "Baba mdogo, lete maji ya moto. Na sabuni."

Onyiego aligeuka kutazama ni nani anayeambiwa.

"Ni wewe!" Mama Kiptanui akamfokea. "Shahidi ni mimi, wewe ni wa maji. Simama!"

Wakasugua ndani na nje mpaka maji yakatoka meupe. Bitutu akafunga jiwe jipya kwenye greinda ya kusagia chuma, jiwe ambalo halijawahi kugusa chuma cha kawaida, maana vumbi la chuma hicho lingeleta kutu. Akaufungua ufa kidogo kidogo, akifuata kila mstari mweusi hadi mwisho wake. Akapangusa kwa spiriti. Akanusa. Hapakuwa na senetwet tena.

Kisha akaanza. Mshono mfupi kama ukucha, akaacha. Akangoja mpaka kiganja kiweze kutulia juu ya chuma. Mwingine, kutoka upande wa pili. Akangoja tena. Ganda lilipopoa liliruka lenyewe, likilia ting! kwenye mabati.

"Mshono ni rangi gani?" baba aliuliza.

"Ya nyasi kavu, baba."

"Si nyeusi?"

"Si nyeusi."

Mogaka aliitikia kwa kichwa; nyeusi ingekuwa chuma kilichoungua.

Wakajaza maji ya moto kwanza, yakakaa, wakayamwaga. Ndipo Mama Kiptanui akaita wenzake kutoka ng'ambo, wakaja na ndoo za maziwa, wakamimina mpaka shingoni. Bitutu alikausha mshono kwa kitambaa, akaunyunyizia unga wa mahindi. Tone moja tu lingetosha kuugeuza unga huo ugali mbele ya watu wote.

Onyiego alipiga magoti, pua karibu iguse mkebe. Alikaa hapo. Akazunguka, akatazama kutoka upande wa pili. Wanawake wakaanza kuchekeana.

"Onyiego," Mogaka aliita. "Mimi macho hayanisaidii. Niambie wewe."

"Unga..." Alikohoa. "Unga ni mkavu."

"Sikusikia."

"Mkavu, kaka! Mkavu kama ulivyotoka kwa kinu cha posho! Mashine ni ya Bitutu, basi, mimi niseme nini tena?"

Vigelegele vikapanda, vikavuka ua, vikafika kwa wachuma chai bondeni, nao wakajibu bila kujua wanashangilia nini. Mama Kiptanui alimkumbatia Bitutu na masizi yake yote, akamtingisha huku na huku. Bitutu akacheka. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, katikati ya watu wote wale, na wala hakutafuta pa kuuficha uso.