Inzi Mpya wa Mjomba Gune

Teresina hakuwa mtu wa kukaa na habari. Ikimwingia sikioni asubuhi, kabla chai haijapoa imeshatokea mdomoni. Basi aliporudi likizo kutoka chuoni Kampala, Juba nzima ilijua, kuanzia bandarini hadi Hai Jalaba: mjomba wake Gune anakwenda Rejaf kwenye mtihani wa kulenga shabaha, akishinda anakuwa askari wa wanyamapori, na akiwa askari anamwoa Natalina. Baba yake Natalina, mzee Pitia, alishasema wazi: "Mkwe bila kofia ya serikali mimi hapana taka."

Ila bunduki sasa. Jamani, ile bunduki! Ya Mwingereza, ya zamani za vita vya kwanza, marehemu babu aliachiwa alipostaafu uaskari. Ilifichwa darini miaka yote familia ilipokuwa ukimbizini Uganda, mchwa wakaonja kitako. Na juu ya mdomo wake, lile jino dogo la kulengea, ambalo wafanyabiashara wa Hai Jalaba huliita inzi, lilikuwa limelalia kushoto kama mlevi anayetafuta ukuta.

"Ya khal, mjomba wangu, na hii ulikuwa unaulia nini?" Teresina aliuliza huku akicheka.

"Nguruwe. Viboko. Mimi iko na jicho."

"Inzi amepinda!"

"Hajapinda. Amechoka tu."

"Atapumzika, basi. Tunamtafutia mwenzake."

Gune alifungua mdomo aseme kitu, akamtazama mpwa wake, akaufunga.

Dukani kwa Hajji mmoja wakamwagiwa mezani kopo zima la biskuti, lililojaa mainzi ya bunduki za kila bwana aliyewahi kupita Juba. Gune moja kwa moja akakamata la shaba, la mviringo, linalong'aa.

"Hilo ni la harusi, mjomba, si la mtihani," Teresina akamwambia. "Utalenga debe, utaona shaba tupu." Akachukua jingine, jembamba kama ukucha. Akatoka nalo juani, likapotea machoni. Akalitupa. Mwisho akapata moja jeusi, lenye kichwa bapa, si refu si fupi. "Refu linashusha risasi, fupi linaipandisha," akamwelezea Hajji, ambaye alikuwa akiuza mainzi tangu Teresina hajazaliwa. Hajji akashukuru kwa elimu hiyo.

Barazani nyumbani akamgonga yule inzi mzee kwa kipande cha shaba, asiumize chuma, mpaka akatoka. Mpya alikuwa mnene kidogo mguuni. Teresina akampiga tupa mguu, ule mfereji wa mtutu anamokaa asiuguse. Kisha akachomoa komeo la bunduki, akailaza juu ya magunia ya mtama, akachungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma hadi akaona msalaba wa kanisa. Akagonga inzi kidogo kulia, kidogo kushoto, hadi msalaba ukakaa katikati ya mtutu na juu ya inzi kwa pamoja. Kujaribu kwa risasi ndiko hakukuwezekana. Risasi zilikuwa za mtihani tu.

Gune naye akachungulia. "Kweis," akasema. "Msalaba umekaa." Lakini alisema kama mtu anayesifu chakula cha wakwe.

Siku ya mtihani debe liliwekwa juu ya kichuguu. Bwana Severino, mkubwa wa idara, alikuwa amevua kofia yake mpya kwa joto, akaitundika kwenye kichaka cha miiba, kushoto kidogo ya kichuguu. Wenzake Gune wakapiga. Huyu alitoboa debe juu, yule chini, mwingine akaua kichuguu.

"Wewe tazama tu," Teresina alimnong'oneza Natalina. "Inzi nimemfunga mwenyewe."

Gune akalala chini. Akavuta pumzi. Pa! Pa! Pa!

Debe likakaa kimya kama bibi harusi. Kofia ya Bwana Severino ikaitikia kwa kichwa mara tatu.

"Tere," Gune alinong'ona bila kugeuka, "mkono umekwenda wenyewe. Miaka yote yule inzi wa zamani anapeleka risasi kulia, mimi napeleka bunduki kushoto, tunakutana kwa nguruwe."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, Juba yote ingejua bunduki yangu ni kiwete."

Bwana Severino akairudia kofia yake. Akapitisha kidole. Tundu moja tu. "Risasi tatu, tundu moja," akasema polepole. "We Gune. Ulikuwa unalenga kofia yangu?"

Akisema hapana, ameshindwa mtihani. Akisema ndiyo, amemtukana mkubwa. Watu wote wakamgeukia Teresina, maana yeye ndiye huwa na jibu. Teresina akajaza ncha ya kitambaa mdomoni, akauma.

"Mkubwa," Gune akasema, "debe hata mtoto anapiga."

Severino akacheka mpaka akashika magoti. "Hawa wengine wanapanda maharage! Mtu kama huyu kiboko hamtorokei. Khalas, chukua kazi. Na kofia hii hii ni yako, mimi sivai matundu."

Mzee Pitia akaigeuza ile kofia, akaikagua kwenye mwanga. "Ina tundu," akasema. Akafikiri. "Lakini ni ya serikali."

Kabla jua halijazama Gune alikuwa barazani na bunduki. "Mpinde."

"Mjomba! Ameketi sawasawa, kama msumari!"

"Ndiyo shida yake. Kesho nakwenda kwa viboko, hawana kofia. Mpinde, na funga mdomo."

Teresina akamgonga inzi kushoto, huku roho ikimuuma. Siri ile ilimvimba tumboni wiki nzima. Bandarini wakamuuliza kama anaumwa. Harusi ilifungwa Jumamosi. Jumapili, misa haijaisha, Hai Jalaba wote walishajua.