Picha ya Kichwa cha Evodia

Mdogo wangu Evodia alizaliwa na alama nyekundu kuanzia jichoni hadi utosini, na kifafa kilikuwa kinamwangusha kila mara. Daktari wa Sumbawanga alihisi mishipa ya ubongo nayo ina kasoro, akatutuma Dar es Salaam akapigwe picha ya kichwa. Mama alishika neno "picha" tu. Siku yenyewe alimvalisha gauni la Krismasi, akampaka poda mpaka alama ikatoweka.

"Alama iko wapi?" mtaalamu wa mionzi akauliza.

"Nimeificha, baba. Si picha itakaa ukutani?"

Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Kisha wakamfunga Evodia kichwa kwa mkanda, wakamsukuma ndani ya duara la mashine. Mimi nilivishwa joho zito la kukinga mionzi, nikaachwa naye.

"Akitikisika, hatutaona kitu," mtaalamu alisema, akafunga mlango.

Hapo nikanaswa. Evodia hucheka nikifungua mdomo tu, na nikinyamaza analia.

"Kaka! Sema kitu!"

Utani wote ninaoujua ulinijaa kooni. Nikakumbuka somo la uchumi, ambalo halijawahi kumchekesha kiumbe.

"Soko huria," nilianza, "ni mfumo ambao bei hupangwa na wauzaji na wanunuzi..."

Evodia akatulia kama gogo. Mashine ikanguruma. Maelezo yakaniishia, mashine bado haijamaliza.

"Kaka?"

Nikarudi mwanzo. "Soko huria," nikasema, "ni mfumo..."