Mkanda wa Tangi la Wifi

Mimi kipimo huwa sikosei. Nimekata vioo miaka ishirini na sita, madirisha, milango, makabati ya maduka, na aliyewahi kupata kwangu kipande kilichopelea ajitokeze. Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia simu Jumanne mchana, sauti imemkauka, akasema amevunja tangi la samaki la mkewe, nilimwambia aache kulialia, nakuja.

Tangi halikuwa limevunjika. Kilichokatika ni mkanda, kile kipande cha kioo kinacholala juu katikati na kushika kuta za mbele na nyuma zisiachane. Kaka aliegemeza kiwiko pale akisugua utando wa kijani, na kaka yangu si mwepesi. Tangi lenyewe lina urefu wa kitanda na maji lita mia sita, na ukuta wa mbele ulikuwa umeshaanza kutuna tumbo. Nikachomoa futi, nikapima nafasi, nikaandika kiganjani, halafu ndipo nikamwamuru apunguze maji nusu na aache maelezo.

Maelezo alikuwa nayo tele. Wifi alikuwa hospitali wiki ya sita, na Jumamosi asubuhi anaruhusiwa. Samaki wale ni wake. Miaka kumi na moja hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kutia mkono humo. Kaka alitaka akute tangi limejaa, samaki wanazunguka, asijue kitu. Nikamhakikishia: Jumatano asubuhi nabandika, silikoni, ile gundi ya vioo, inataka siku tatu kamili kukauka, Jumamosi asubuhi maji yanarudi. Nikamwambia alale usingizi wake.

Jumatano nikaja na mkanda mpya, kingo nimezisugua hadi hazikwaruzi. Tukahamishia samaki kumi na tisa kwenye mapipa mawili bafuni pamoja na pampu yao ya hewa, tukamaliza maji yaliyobaki, nikakwangua silikoni kuukuu kwa wembe na kupangusa kwa spiriti. Nikaushusha mkanda mahali pake. Haukuingia. Nikaugeuza. Haukuingia. Nikapima upya, na hapo jasho likanitoka: nafasi ilikuwa imepungua milimita sita.

Futi haikunidanganya, sema nilipima tumbo. Dirisha ukilipima leo, kesho liko vilevile. Halina maji ya kulisukuma. Maji yalipoondoka, ukuta ulirudi kwake. Na milimita sita huwezi kuzimega kwenye kioo kinene namna ile, kitakupasukia; ni kukata kipya. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Ningeweza kumsingizia mwenye duka anayeniuzia vioo, kaka asingejua. Nikamwambia kosa ni langu na siku moja imekwenda. Akakalia ndoo iliyopinduliwa.

Alhamisi asubuhi mkanda ukaingia kama droo kabatini. Nikabandika, nikabana kuta kwa vibano virefu vya seremala, nikalainisha silikoni kwa kidole. Kazi safi, nasema mwenyewe.

Jumamosi saa mbili asubuhi namkuta kaka ameshika mpira wa maji, ncha ya pili ameshaichomeka bombani. Eti siku mbili zinatosha, silikoni ukiigusa imekauka. Eti tujaze tu, tumwachie Mungu. Nikamnyang'anya mpira nikaukalia.

"Kaka, likifunguka mbele yake, je?"

"Sasa nitamwambia nini?"

"Ulichofanya."

Wifi akaingia amekonda, gauni linamning'inia, akanyoosha moja kwa moja hadi sebuleni. Akasimama mbele ya tangi tupu lenye vibano. Nikafungua mdomo nieleze habari za silikoni na siku iliyopungua, lakini kaka akaniwahi.

"Nimelivunja mimi. Nilikuwa nalisafisha. Samaki wako bafuni, wote."

Tukamfuata bafuni, nikamwekea kigoda. Akawahesabu kwa kidole, pipa la kwanza, pipa la pili, kisha akaanza upya. Akauliza nani alikuwa akiwalisha muda wote huu. Kaka akasema ni yeye, asubuhi na jioni, na kwamba yule mwenye pezi lililochanika humtupia chakula pembeni kwanza, maana wenzake wanampora. Alikuwa akieleza huku ameangalia vidole vya miguu yake, mzee mzima.

Wifi alimtazama hadi mimi nikaona haya kuwepo pale.

"Kule hospitali niliwalilia sana hawa," akasema. "Nilijua siku nikienda mimi, na wao ndiyo basi."

Kaka akachukua kopo la chakula juu ya rafu, akampa. Wifi akamrudishia mkononi, akamwambia awalishe yeye, anataka kuona anavyofanya.